Begi jepesi si lile lenye gramu chache

Begi la siku ni begi la mgongoni la kubebea vitu vya matembezi ya kutwa: unaondoka asubuhi, unarudi jioni, hulali njiani. Mengi huwa ya lita 15 hadi 30. Kilimanjaro jina hilo limepanuka kidogo, kwa kuwa safari yenyewe ni ya siku tano, sita au zaidi. Huko begi la siku ni lile ambalo mgeni hulibeba mwenyewe kutoka kambi hadi kambi, na begi kubwa huwa kwa wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, ambao hifadhi imewawekea kikomo cha kilo 20 za mzigo. Hesabu ni ile ile: ndani unaweka kile utakachokihitaji kabla hujalikuta tena begi kubwa jioni. Maana haina zaidi ya hapo.

Kinachoniudhi ni hili neno "jepesi" linavyotumiwa. Muuzaji analining'iniza begi tupu kwenye kidole kimoja, anasema "sikia lilivyo jepesi," na mnunuzi anatoa pesa akiamini kwamba amenunua starehe. Jumamosi inayofuata yuko kwenye mlima Longonot, Kenya, vidole gumba ameviingiza chini ya mikanda ya mabegani ili apumzishe mabega. Ukimwona mtu anatembea hivyo, jua begi lake halimkai, hata kama ndilo lililokuwa jepesi kuliko yote dukani.

Hebu tulipime hilo begi likiwa na vitu, maana hakuna anayepanda mlima na begi tupu. Longonot ina mita 2,776, na ukiuzunguka mdomo wa kreta hupati maji, kivuli ni haba na vumbi ni jingi. Lita tatu za maji kwa mtu mmoja si anasa, nazo ni kilo tatu kamili. Tangu tarehe 5 Juni 2020 Kenya imepiga marufuku chupa za plastiki za kutumia mara moja ndani ya hifadhi, kwa hiyo unabeba chupa yako ya kudumu, ambayo nayo ina uzito wake. Ongeza koti la mvua, sweta, chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi, tochi na vifaa vya huduma ya kwanza: umefika kilo tano au sita. Sasa chukua mabegi mawili, moja la gramu 300 na jingine la gramu 900. Tofauti yake ni gramu 600, uzito wa maji ambayo pengine utayamaliza kabla hata ya kufika kwenye ukingo wa kreta.

Na zile gramu 600 zilikuwa na kazi. Ni sponji ya mikanda ya mabegani, ubao mwembamba wa plastiki au sponji ngumu ya mgongoni, na mkanda wa kiunoni. Bila ule ubao, begi linavimba kama gunia, chupa inakuchoma uti wa mgongo, na mzigo unaning'inia mbali na mwili na kukuvuta nyuma, nawe unajibu kwa kuinama mbele mwendo mzima. Mkanda wa kiunoni, ukikaa juu ya mifupa ya nyonga na si tumboni, unahamishia sehemu ya uzito miguuni, na miguu ndiyo yenye misuli ya kazi hiyo. Kwa mzigo wa kilo mbili tatu mkanda mnene hauna maana; utepe mwembamba wa kuzuia begi lisiyumbe unatosha. Kwa kilo sita utauona umuhimu wake kwenye mteremko wa kurudi.

Pia lita si kilo. Nimesikia mara nyingi kwamba begi la lita 20 "linabeba kilo 20." Lita ni nafasi iliyomo ndani, basi. Lijaze sweta, utakuwa na kilo chache. Lijaze maji, utakuwa na kilo 20.

Kipimo kingine kinachosahaulika ni urefu wa mgongo, na huo haufuati kimo kila mara. Inamisha shingo, papasa mfupa unaojitokeza chini yake. Kisha shika nyonga kwa mikono miwili, vidole gumba vikielekea nyuma. Umbali kati ya mfupa ule na mstari wa vidole gumba ndio urefu wa mgongo wako. Watu wawili wa kimo kimoja wanaweza kupishana, ndiyo maana begi analolisifu rafiki yako linaweza kukutesa wewe. Mabegi mengi ya siku huja kwa saizi moja, kwa hiyo hakuna njia ila kulijaribu likiwa na mzigo. Kwenye mitumba ya Gikomba au Toi, masoko ya Nairobi, nenda na pakiti mbili za unga za kilo mbili mbili na chupa ya maji ya lita moja. Funga mkanda wa kiunoni kwanza, kisha vuta wa mabegani, halafu tembea na uiname kama unafunga viatu. Wauzaji wengi hawakatazi. Usipojaribu, rangi ndiyo itakayokuchagulia begi.

Sisemi mabegi ya gramu 300 ni mabaya. Yale yanayokunjwa yakaingia mfukoni yanafaa sana kupakiwa ndani ya begi la safari, ya kuendea sokoni au kushukia kwenye maporomoko ya maji na taulo na chupa moja. Hayo tuyaite mabegi ya kukunja. Na muuzaji akikwambia begi la mlimani ni jepesi, mwulize kwa upole: jepesi likiwa na kilo ngapi ndani?