Je, Wajua? Kwa Nini Filimbi ya Plastiki ya Kiayalandi Huvaa Weusi wa Mpingo

Filimbi ya Kiayalandi, ile inayoshikwa kwa ubavu kuelekea bega la kulia, siku hizi hutengenezwa pia kwa plastiki. Plastiki haikosi rangi: tazama ndoo, malapa na viti vya kukodi vya harusini. Mbona basi filimbi hizi karibu zote ni nyeusi kama sufuria ya jiko la kuni?

Jibu nilikuwa nalo, na nililiamini kwa miaka: weusi ndio sauti. Mpingo, mti wa kwetu Kilwa na Lindi unaosafirishwa ng'ambo kutengenezewa filimbi za bei kubwa, ni mgumu, mzito na mweusi, kwa hiyo plastiki nyeusi lazima ndiyo inayoukaribia. Nilipomwona mtu amebeba filimbi ya bluu, bluu ya kifuniko cha kalamu, niliisikiliza kwa dharau, na kweli nikaisikia nyembamba. Masikio hutii macho upesi mno.

Nilianza kukosea kwenye mti wenyewe. Mpingo ukikatwa, kilicho cheusi ni kiini tu. Mbao ya nje, chini ya gome, ni nyeupe ya kimanjano. Muulize mchonga vinyago yeyote wa Kimakonde. Halafu mpingo haukuwa wa kwanza. Kabla yake filimbi za Ulaya zilikuwa za mti wa manjano, za miti ya kahawia kutoka Karibi, hata za pembe za ndovu. Mwaka 1806 Claude Laurent wa Paris alipata hataza ya filimbi za kioo, na mwaka 1813 alimpelekea moja Rais James Madison wa Marekani. Bado ipo Washington, na mwaka 2022 mwanamuziki Lizzo aliipuliza jukwaani. Kuhusu hiyo inayoitwa ya Kiayalandi, ni filimbi ya zamani ya Ulaya iliyotupwa kabatini baada ya fundi wa filimbi Mjerumani, Theobald Boehm, kuleta muundo wake mpya wa bomba la chuma mwaka 1847. Zile kuukuu zikauzwa rahisi, zikawafikia wapiga muziki wa dansi wa Ayalandi, wakazipenda.

Yaani kioo angavu, pembe nyeupe na mti wa manjano vyote vililia vizuri. Kilichokuwa kikilia ni nini hasa?

Chukua chupa ya soda, upulize juu ya mdomo wake mpaka ivume. Mvumo ule hautoki kwenye kioo. Weka chupa ya kijani na ya kahawia zenye umbo na ujazo mmoja, zitavuma sawasawa. Sasa tia maji kidogo. Sauti inapanda, na kioo hakijaguswa. Kilichopungua ni hewa. Kinachopiga muziki ni hewa iliyofungiwa ndani.

Kwenye filimbi mambo ni hayohayo, ila yamepangwa kwa ustadi zaidi. Pumzi hutoka midomoni ikiwa bapa kama utepe, ikagonga ukingo wa pili wa tundu, mara ikaingia ndani, mara ikapita juu, takriban mara 294 kwa sekunde kwa noti ya chini kabisa ya filimbi ya kawaida. Fikiria mtoto kwenye bembea. Mtoto ni hewa ya ndani, inayokwenda na kurudi kwa mwendo wake. Pumzi ni mkono unaosukuma kila anaporudi, kwa wakati wake barabara. Bomba la filimbi ni nguzo za bembea. Kazi ya nguzo ni kusimama imara. Zipake nyekundu, zipake bluu, ziwe za mninga au za chuma, mtoto atabembea vilevile mradi nguzo hazitikisiki na kamba ina urefu uleule. Nguzo zikilegea, zitamwibia mtoto mwendo wake.

Basi fundi mzuri huhangaikia vitu visivyo na rangi: ukingo wa tundu la mdomo umechongwaje, uvungu unasinyaa vipi kuelekea mwisho, ndani kumelainishwa kiasi gani, viungo vinavujisha au la.

Haya yamepimwa. Mwaka 1971 mwanafizikia Mmarekani John Coltman alilinganisha filimbi za fedha, shaba na mbao zenye vipimo sawa vya ndani, na wasikilizaji hawakuweza kuzitofautisha. Zilikuwa filimbi sahili za majaribio, si za Kiayalandi, kwa hiyo nisiyanyooshe matokeo kupita urefu wake. Kuna pia jaribio la mwanafizikia mwingine, Dayton Miller, la mwaka 1909 ambalo watetezi wa mbao hulipenda. Alitengeneza bomba la zinki, la aina inayopulizwa hewa katika vinanda vikubwa vya kanisani, la mraba, lenye kuta mbili, akajaza maji katikati ya kuta, na sauti ikabadilika. Lakini ukuta bapa na mwembamba wa bomba la mraba hupinda kwa urahisi. Hizo ndizo nguzo zilizolegea. Filimbi ya plastiki ni ya mviringo na kuta zake zina milimita kadhaa. Haipindi.

Kuna mahali pamoja tu ambapo ninakubali rangi ingeweza kuingilia sauti: juani. Kitu cheusi hupata joto upesi, na hewa ya moto hupandisha sauti. Nyuzi 10 za Selsiasi huipandisha karibu theluthi ya nusu-toni, yaani theluthi ya hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili za kinanda. Ila mpigaji mwenyewe anaipasha hewa ile kwa pumzi yake, hivyo tofauti ya nyeusi na nyeupe itakuwa ndogo kuliko hiyo.

Sababu ya weusi, basi, haina muziki ndani yake. Plastiki inayopendwa na mafundi ni asetali, maarufu kwa jina la kibiashara Delrin. Haipasuki kwa ukavu, hukerezwa vizuri, na ajabu ni kwamba ni nzito kuliko mpingo wenyewe. Rangi yake ya asili ni nyeupe ya maziwa. Ile nyeusi imetiwa masizi ya kiwandani, kama tairi la gari, na masizi hayo huikinga na jua. Fundi hununua nondo za plastiki zilizo tayari, na zinazopatikana kila mahali ni nyeusi na nyeupe. Nyeupe inafanana na pembe ya ndovu ukiitazama kwa upendo, na bomba la maji ukiitazama kwa haraka. Nyeusi inafanana na mpingo, na mnunuzi anataka mpingo.

Kwa nini asiipulizie rangi? Asetali haishiki rangi wala gundi. Ni kama maji juu ya jani la mgomba. Rangi lazima itiwe plastiki ikiwa bado imeyeyuka, kama rangi ya keki inavyotiwa kwenye mchanganyiko kabla ya kuokwa, na viwanda haviwashi mitambo kwa ajili ya filimbi sita za zambarau.

Ile bluu niliyoidharau, hata hivyo, haiko mbali. Viwanda vya vyakula hupenda plastiki ya bluu kwenye mashine zao kwa kuwa karibu hakuna chakula cha bluu, na kipande kikivunjikia kwenye unga kinaonekana mara moja. Nondo za asetali za bluu zinauzwa kwa sababu hiyo. Ukikuta filimbi ya namna hiyo, chungulia ndani ya tundu la kidole: bluu itakuwa imepenya mpaka ndani, na ndugu yake wa damu yumkini yuko kwenye kiwanda cha mikate, anazungusha mkanda.