Hali ya lishe si shibe: chakula, mimba na sonona

Mjamzito wa Ngamiani, Tanga, akiulizwa na shangazi yake kama anakula, atajibu, "Nakula, shangazi." Na kweli anakula. Asubuhi chai ya rangi na maandazi mawili, mchana wali na mchuzi, usiku muhogo wa nazi. Tumbo limejaa. Lakini shibe ni jambo moja, na hali ya lishe ni jingine.

Hali ya lishe ni jinsi mwili ulivyo kutokana na ulichokula, ulichoweza kukitumia na ulichopoteza. Hicho cha tatu ndicho watu hukisahau. Malaria huharibu chembe nyekundu za damu. Minyoo wa safura hunyonya damu utumboni, kwa hiyo madini ya chuma yanavuja hata kama kisamvu hakikosekani jikoni. Ndiyo maana kliniki hawaishii kuuliza umekula nini. Wanapima uzito, wanazungusha utepe kwenye mkono, wanatoboa kidole kupima damu. Kwa kawaida himoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, ikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita huhesabiwa kuwa upungufu wa damu kwa mjamzito. Na unene si kinga: mtu anaweza kuwa na mwili mkubwa na damu ikawa chini.

Sonona nayo si kudeka wala kununa. Ni huzuni, au kukosa hamu na mambo uliyokuwa ukiyapenda, karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na dalili kama usingizi kuvurugika, kujilaumu, na pengine kuwaza kujidhuru. Barazani hutalisikia sana neno lenyewe. Utasikia "ana mawazo" au "mimba imemchukia mumewe". Usemi huo wa pili watu huusema huku wakicheka, nami naona umefunika mengi.

Sasa viwili hivi hukutana wapi? Ubongo hutumia madini ya chuma kutengeneza serotonini na dopamini, kemikali zinazogusa hisia na ari ya mtu. Foliki asidi na vitamini B12 nazo zina kazi humo humo. Mimba inapohitaji damu zaidi na akiba ya mama ni ndogo, ubongo nao unaweza kupungukiwa. Lakini njia hiyo hupitika pande zote mbili: mwenye sonona hukosa hamu ya kula, haoni sababu ya kwenda sokoni, anasahau vidonge vya kuongeza damu. Tafiti nyingi zinaonyesha kwamba lishe duni na sonona huandamana. Kusema kipi kimemzaa mwenzake ni kazi ngumu zaidi. Halafu kuna mfuko. Anayelala hajui kesho atapika nini ana njaa na hofu kwa pamoja, na kwa maoni yangu hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya kumsifia mtu vidonge vya mafuta ya samaki, ambavyo havijathibitika kuzuia sonona ya ujauzito.

Kinachochanganya zaidi ni kwamba dalili zinafanana. Uchovu ni wa mimba, ni wa damu kupungua, na ni wa sonona. Usingizi na hamu ya kula ni vivyo hivyo. Kwa sababu hiyo dodoso la Edinburgh la kupima dalili za sonona, lenye maswali 10, lililochapishwa mwaka 1987 kwa ajili ya waliojifungua na sasa likitumika pia kwa wajawazito, haliulizi kabisa kama umechoka. Linauliza kama bado unaweza kucheka, kama unajilaumu bure, kama unaogopa bila sababu.

Tuje kwenye kidonge chenyewe. Kliniki humpa mama vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi. Maji yanamtia kichefuchefu, basi anakimeza kwa chai ya rangi. Chai hiyo hushikana na madini ya chuma, na sehemu kubwa hupita bila kufyonzwa. Afadhali akimeze kwa maji ya ndimu au na chungwa la Muheza, chai isubiri saa moja au mbili. Choo kikiwa cheusi asishtuke, ni kidonge. Wengi huacha dawa kwa hofu hiyo tu. Na juisi ya rosela, pamoja na wekundu wake wote, haigeuki damu kwa sababu ya rangi. Dagaa, maharage na mchicha wenye ndimu vina cha kutoa zaidi.

Akimeza sawasawa, damu hupanda katika wiki chache, na uchovu huanza kumwachia. Ikiwa damu imepanda na bado hacheki, bado analia akiwa peke yake jikoni, basi amwambie muuguzi hivyo hivyo, bila kusingizia mimba. Na akiwaza kujidhuru, asingoje tarehe ya kwenye kadi. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.