Jinsi Pointi Zinavyopatikana Katika Ligi ya Gofu Baina ya Klabu

Katika ligi nyingi za gofu baina ya klabu, hakuna anayejumlisha mikwaju ya timu nzima. Kinachoshindaniwa ni shimo: anayelimaliza kwa mikwaju michache hulichukua, wakilingana hugawana, na aliyepiga kumi pale ambapo mpinzani amepiga minne hupoteza shimo hilo moja tu. Mechi huisha mmoja anapoongoza kwa mashimo mengi kuliko yaliyosalia, na ndiyo maana matokeo huandikwa 3 na 2, yaani uongozi wa mashimo matatu huku yakibaki mawili. Kwa hesabu ya timu, hata hivyo, ushindi wa 3 na 2 na ushindi uliopatikana kwenye shimo la mwisho, la 18, vina thamani ile ile ya pointi 1, na sare huipa kila klabu nusu.

Tuchukue mfano wa timu za watu wanane. Asubuhi huchezwa mechi nne za kupokezana mpira, ambapo wawili wa klabu moja hutumia mpira mmoja na kupiga kwa zamu, na mkwaju wa adhabu haubadilishi zamu hiyo. Alasiri hufuata mechi nane za mmoja kwa mmoja. Pointi zote ni 12, hivyo klabu inahitaji 6.5 ili ishinde. Hesabu ya Ryder Cup, mashindano ya timu kati ya Ulaya na Marekani, hufuata njia hiyo hiyo, ila pointi zake ni 28 na ushindi ni 14.5.

Jambo linaloleta ubishi mwingi ni handikapu, yaani mikwaju ya nyongeza inayomsaidia mchezaji dhaifu kulingana na aliye hodari, na linastahili kuelezwa polepole. Mfumo wa Dunia wa Handikapu, ulioanza kutumika mwaka 2020, humpa mchezaji kielezo, namba ya kiwango chake anayosafiri nayo kutoka uwanja hadi uwanja, lakini kielezo hicho si idadi ya mikwaju atakayopewa. Kielezo huzidishwa kwa kipimo cha ugumu wa uwanja, hugawanywa kwa 113, ambacho ni kipimo cha uwanja wa kawaida, kisha huongezwa tofauti kati ya ukadiriaji wa uwanja (mikwaju inayotarajiwa kwa mchezaji asiye na handikapu) na pa yake (mikwaju iliyowekwa kuwa kiwango cha uwanja huo). Uwanja ukiwa na kipimo cha 128, na ukadiriaji ukilingana na pa, mwenye kielezo cha 12.0 hucheza kwa 14 na mwenye 7.0 hucheza kwa 8. Wakikutana mmoja kwa mmoja, wa kwanza hupata mikwaju sita ya nyongeza, mmoja kwa kila shimo lililopangwa la 1 hadi la 6 kwa ugumu kwenye kadi. Katika kupokezana mpira, zinajumlishwa handikapu za kila jozi, na jozi dhaifu hupewa nusu ya tofauti: 30 dhidi ya 22 ni mikwaju minne.

Kila mchezaji amtajie mpinzani handikapu yake kabla ya mkwaju wa kwanza. Aliyetaja kubwa kuliko stahili yake, bila kujisahihisha kwa wakati, huondolewa katika mechi hiyo ikiwa kosa limegusa idadi ya mikwaju. Aliyetaja ndogo haadhibiwi, bali hulazimika kuicheza hiyo hiyo. Nimeona timu zikipoteza pointi kwa uzembe huu, nami nawasihi manahodha waandike namba hizo usiku wa kuamkia mechi.

Nahodha mwenyewe hana uhuru wa kumshauri kila mchezaji wake uwanjani. Kuuliza au kueleza fimbo iliyotumika ni ushauri, na mtu ambaye si mwenza wa mchezaji katika jozi wala mbeba fimbo wake huruhusiwa kuutoa pale tu kamati ilipoweka kanuni ya mshauri wa timu. Mkwaju mfupi uliosamehewa, yaani ambao mpinzani amekubali uhesabiwe kuwa umeingia bila kupigwa, kwa upande mwingine, haurudishwi, hata kama aliyesamehewa anataka kuupiga.

Kwenye msimamo wa ligi, baadhi ya kamati hutoa alama kwa ushindi wa timu pekee, na nyingine hujumlisha pointi za kila mechi kwa msimu mzima. Mimi napendelea ya pili. Mchezaji wa mwisho kutoka, ambaye timu yake imeshashindwa 8 kwa 3, bado anapigania pointi itakayohesabiwa mwezi ujao.