Sayari za ukutani na sayari za kweli

Shule nyingi za msingi zina mchoro ule ule ukutani: Jua la njano pembeni, kisha mipira ya rangi imepangwa mstari kama maembe gengeni. Mchoro huo ulitufundisha majina ya sayari. Ulitupandia na makosa ambayo wengi wetu tumekua nayo.

"Sayari zimekaa jirani jirani." Chukua mpira wa miguu, uufanye Jua. Kwa kipimo hicho Dunia ni punje ya ulezi, na itabidi uipeleke hatua 30 kutoka kwenye mpira. Mshtarii, kubwa kuliko zote, ni gololi nene. Ukiuweka mpira kwenye mstari wa goli moja, gololi hiyo itaangukia nyuma kabisa ya goli la pili, mita 120 na ushee. Neptuni iko mita 700. Kote katikati ni utupu. Mchoraji tusimlaumu, ukuta haukumtosha.

"Kipindi cha joto, Dunia huwa imelisogelea Jua." Hii ni ngumu kung'oka, hasa kwetu, maana kalenda inaonekana kuiunga mkono. Mwanzoni mwa Januari, kaskazi ikivuma na Dar es Salaam ikichemka, Dunia kweli iko karibu na Jua kuliko siku nyingine zote za mwaka: kilomita milioni 147 hivi. Mwanzoni mwa Julai, watu wa Iringa na Nairobi wakiwa ndani ya masweta, umbali ni milioni 152. Mtu akikuambia "si unaona?", muulize Januari hiyo hiyo London kukoje. Wanatetemeka, na Dunia ni moja.

Tofauti ya kilomita milioni 5 ni asilimia 3 tu ya umbali wote. Kinacholeta misimu ni mwinamo: mhimili wa Dunia umeinama nyuzi 23.5. Desemba, kizio cha kusini ndicho kinachoelekea Jua, kinapata miale iliyo wima zaidi na mchana mrefu; Juni ni zamu ya kaskazini. Vitabu navyo vimechangia, kwa kuchora njia ya Dunia kama yai refu, wakati ni karibu duara kamili.

"Iliyo karibu zaidi na Jua ndiyo yenye joto zaidi." Zebaki, ambayo wengine huiita Utaridi, ndiyo ya kwanza, lakini karibu haina hewa ya kushika joto. Mchana hufika nyuzi 430 za Selsiasi, usiku hushuka hadi 180 chini ya sifuri. Zuhura, ya pili, imefunikwa na hewa nzito ya ukaa, na kule ni nyuzi 465 hivi, usiku na mchana. Ni hiyo hiyo tunayoiita nyota ya asubuhi, na ikionekana baada ya jua kuzama, nyota ya jioni. Si nyota, wala si mbili.

"Zohali peke yake ina pete." Mshtarii, Uranusi na Neptuni zinazo pia, ila ni hafifu. Za Uranusi ziligunduliwa mwaka 1977.

"Sayari ni tisa." Ni nane tangu Agosti 2006, wanaastronomia walipokutana Prague na kuiweka Pluto kwenye kundi la sayari kibete. Haikulipuka wala haikupotea. Bado inalizunguka Jua, mzunguko mmoja kwa miaka 248, na mwaka 2015 chombo cha New Horizons kilipita karibu nayo kikaipiga picha.

"Kimondo ni nyota iliyoanguka." Nyota ni jua jingine, ingetuangukia, nani angebaki kusimulia? Kimondo ni kipande cha mwamba au chuma kilichokuwa kikizurura humu humu kwenye mfumo wetu wa Jua. Kimoja kiko Mbozi, mkoani Songwe: bonge la chuma na nikeli lenye urefu wa mita 3 hivi. Kwenye mchoro wa ukutani hakimo, ingawa ndicho kitu cha anga unachoweza kukifuata kwa basi.