Kabla ya kuokota chupa, toeni zebaki jikoni

Vikundi vya mazingira vya kujitolea machimboni huku Geita huanza na mambo mawili: kuokota chupa za plastiki na kupanda miti. Sina ugomvi na miti. Ila mimi ni mkemia, na akina mama na vijana wa kijiji kimoja cha wachimbaji wadogo waliponiomba niwape mkono, niliwauliza kwanza: dhahabu mnachomea wapi?

Nyumbani, kama ilivyo kwingi tu. Mchimbaji akishaosha mchanga wa karasha (mashine ya kusaga mawe) kwenye mwalo wa kuoshea, humwaga zebaki kwenye karai, akafikicha kwa mikono mitupu mpaka ishikane na dhahabu, kisha akaikamua kwa kitambaa. Kinachobaki ni kidonge cha kijivu ambacho karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Hicho ndicho huwekwa kwenye kijiko juu ya jiko la mkaa ili zebaki itoke kama mvuke na dhahabu ibaki, pengine jiko hilohilo la ugali.

Mvuke wa zebaki hauna rangi wala harufu, kwa hiyo hakuna anayeukimbia. Unaingia mapafuni, unafika kwenye ubongo na figo, na kwa mjamzito unamfikia hata mtoto aliye tumboni. Mtu anatetemeka mikono, anasahau, anakosa usingizi. Majirani wanasingizia pombe. Mkataba wa Minamata, wa kimataifa kuhusu zebaki, ulioanza kutumika 2017 na ambao Tanzania imeuridhia, unataka uchomaji wa wazi na ule wa kwenye makazi ukomeshwe.

Kikundi kikachanga, fundi wa kuchomelea akatengeneza retoti: kikopo kizito cha chuma, mfuniko wa kukaza kwa boliti, na bomba linaloteremka likiwa limefungwa kitambaa kibichi. Mvuke ukipita kwenye bomba unapoa na kurudi kuwa zebaki, inayodondoka kwenye bakuli la maji. Ncha ya bomba isizame majini. Chuma kikianza kupoa huvuta maji hadi ndani, na maji yakikuta chuma cha moto retoti inaweza kulipuka. Hili nalirudia kila mafunzo, hata wakinichoka.

Wachimbaji waligoma, na sababu zao zilikuwa za maana. Dhahabu hawaioni inavyoiva, kwa hiyo wanahofia kuibiwa. Tena ikitoka kwenye chuma huwa nyeusinyeusi, na mnunuzi hupata kisingizio cha kushusha bei. La kwanza akina mama walilimaliza kirahisi: mwenye mali anakaza boliti mwenyewe, anakaa hapo, anafungua mwenyewe. La pili bado linatusumbua. Kilichowavuta wengi si afya, ni ile zebaki inayorudi bakulini. Zebaki ni ghali, na hii inatumika tena.

Marudio, yaani mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu kwa zebaki, ni mzigo mwingine. Mchanga ule hubaki na zebaki, kisha huuzwa kwa wenye mitambo ya sayanaidi, kemikali ya kutoa dhahabu iliyobakia, ambayo huiyeyusha zebaki hiyo na kuifanya isafiri na maji kwa urahisi zaidi. Hapo nguvu ya kujitolea haitoshi. Panahitaji sheria kusimamiwa.

Kwa sasa tunawaendea wanunuzi. Dhahabu ya retoti bado ina zebaki kidogo, na wao huichoma tena kwa gesi kabla ya kuipima, katikati ya senta, ubavuni mwa mama lishe. Mwenyekiti wetu ameanza na yule anayenunua maandazi kwake kila asubuhi.