Hiyo mizani yenu ya usalama na uhuru

Nimeisikia tena, na safari hii kwa mtu aliyesomea sheria: kila mmoja akitoa uhuru kidogo, sote tutapata usalama zaidi. Ukumbi mzima ukaitikia kwa vichwa. Nafundisha sheria za dola na mamlaka yake, na hoja hiyo inanikera kuliko maneno ya dikteta. Dikteta angalau hajifanyi muuza duka mwaminifu.

Hebu nionyesheni huyo "kila mmoja". Mwaka 2001, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, Uingereza ilitunga sheria ya kumweka kizuizini, bila kesi wala kikomo, raia wa kigeni anayeshukiwa ugaidi na asiyeweza kurudishwa kwao. Kadhaa wakafungiwa gereza la Belmarsh. Raia wa Uingereza mwenye kushukiwa vilevile hakuguswa na kifungu hicho. Sokoni, anayelipa ndiye anayeondoka na kilichopimwa. Hapa wamelipa wageni wachache wasio na kura, na mfuko wakabeba wengine.

Desemba 2004 majaji wa Baraza la Malodi, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, waliwapa ushindi wafungwa hao, wanane kwa mmoja; wengi wao walisema sheria hiyo ni ya kibaguzi na imepita kiasi. Wanaharakati wakashangilia. Hapa naomba twende polepole, maana ndipo wanafunzi wangu wanapopotea kila mwaka. Tamko lile halikufuta sheria wala halikumfungulia mtu mlango. Kwa utaratibu wao, majaji husema tu kwamba sheria haiendani na haki za binadamu, kisha Bunge ndilo linaloamua. Bunge likaamua kweli. Mwaka 2005 zikaja amri za udhibiti: kukaa ndani saa kadhaa kwa siku, kufungwa kifaa cha kufuatiliwa, kuombewa kibali kila anayetaka kukutembelea. Na sasa ziliwahusu wageni na raia sawasawa. Ubaguzi umekwisha, jamani! Tulidai usawa, tukapewa usawa wa kubanwa. Vitabu huiita kesi ile ushindi mkubwa. Mimi naifundisha huku nikisita, na kuna miaka naona waliofaidika nayo zaidi ni sisi wanaoifundisha.

Halafu mtaniambia hatua hizi ni za muda. Kifungu cha 44 cha sheria ya ugaidi ya Uingereza ya mwaka 2000 kiliruhusu polisi kumpekua mtu bila kumshuku kwa lolote, ndani ya eneo lililotajwa, kwa kibali kisichozidi siku 28. Ulinzi mzuri huo, kwenye karatasi. London nzima ikafanywa "eneo", na kibali kikahuishwa kila kilipokwisha, kuanzia mwaka 2001. Mwaka 2003 kijana mmoja alisimamishwa akiwa kwenye baiskeli, begi mgongoni, akienda kuandamana kupinga maonyesho ya silaha. Alipekuliwa na kushikiliwa kama dakika 20. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema haki yake ya faragha ilivunjwa, lakini hiyo ni Januari 2010.

Kwa nini kibali hakifi? Si lazima pawe na njama. Afisa akikiacha kiishe na bomu likalipuka wiki ijayo, jina lake litatajwa kila mahali. Akikihuisha bure, wanaoumia ni wapita njia, na wapita njia hawafukuzishi mtu kazi. Ufaransa ni hivyo hivyo: hali ya hatari iliyotangazwa Novemba 2015, baada ya mashambulizi ya Paris, iliongezwa mara sita, ikaisha Novemba 2017, na ilipoisha mengi ya mamlaka yake yalikuwa yameshahamishiwa kwenye sheria ya kawaida. Katikati hapo, wanaharakati wa mazingira walizuiwa majumbani kwao wakati wa mkutano wa tabianchi wa Paris.

Ile ya "kama huna cha kuficha, huna cha kuogopa" siijibu tena.

Linaloninyima raha ni jingine. Sisi wanasheria tunajua kuhesabu uhuru uliochukuliwa. Mabomu ambayo hayakulipuka hatujui kuyahesabu. Mtu wa usalama akiniambia "tulizuia, ila siwezi kukuonyesha," huenda anasema kweli, na sina jibu zuri. Lakini mara chache mafaili hufunguliwa. Nchini Marekani, bodi inayosimamia faragha na uhuru wa raia iliruhusiwa kusoma nyaraka za siri kuhusu ukusanyaji wa jumla wa rekodi za simu, yaani nani kampigia nani, lini, kwa muda gani. Ripoti yake ya Januari 2014 haikupata hata tukio moja la kuitishia nchi ambapo rekodi hizo zilibadilisha matokeo ya uchunguzi wa ugaidi. Ukusanyaji ulianza 2001 kwa idhini ya rais. Mahakama ya siri inayoidhinisha upelelezi iliubariki mwaka 2006. Wenye simu walikuja kuujua Juni 2013, tena kwa sababu Edward Snowden, aliyewahi kulifanyia kazi shirika la ujasusi la nchi hiyo, alivujisha. Katika miaka hiyo karibu 12, nani aliulizwa kama anakubali kutoa uhuru wake kidogo?