Ambreyaje (klachi) ikiteleza, si lazima disiki iwe imekwisha

Kwenye mashamba ya pembezoni mwa Lubumbashi wengi huamini kwamba trakta ya zamani ikinguruma bila kuvuta, disiki ya ambreyaje imekwisha. Mara nyingine ni kweli. Ila kabla ya kutenganisha injini na giaboksi, kazi nzito na ghali, anza na pedali.

Zima injini, bonyeza pedali kwa mkono, upime mwendo wake mwepesi kabla haijawa ngumu. Trakta nyingi za zamani huhitaji takriban milimita 25 hadi 40; kipimo kamili kimo katika kitabu chake. Disiki ikilika, nafasi hiyo hupungua. Ikiisha, beringi hukandamiza vidole vya ambreyaje (vijiti vinavyoiachia disiki) muda wote, nayo huteleza. Rekebisha kwenye fimbo ya pedali, kisha ujaribu tena shambani.

Halafu chungulia tundu lililo chini ya nyumba ya ambreyaje. Mafuta meusi yanayodondoka hutoka kwenye sili (kizuizi cha mafuta) ya nyuma ya injini. Mazito yenye harufu kali, kwenye giaboksi. Hapo disiki mpya bila sili mpya ni hasara tupu: italowa vilevile. Disiki hubadilishwa kwa hakika pale bitana, yaani tabaka la msuguano juu yake, inapokaribia usawa wa ribiti.